Miza na Maji ya Chini Kabisa

Térence aliingia dukani na furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyomwangusha Miza.

Ilikuwa asubuhi moja ya mwezi wa kwanza, kama saa tatu hivi. Miza alikuwa nyuma ya meza ndefu ya duka lake la vitambaa, mtaa wa Quartier Asiatique mjini Bujumbura, mkasi mkononi, akimkatia mteja mita nane za kitambaa cha mapazia. Barazani cherehani ya Adélaïde ilikuwa inalia. Adélaïde alikuwa ametimiza miaka kumi na miwili akishona mbele ya duka hilo, na habari za Miza alizijua zote, hata zile asizoambiwa.

Térence naye hakuwa mgeni. Alikuwa mwalimu wa fizikia katika lycée, shule ya sekondari, moja ya mjini, na alikuwa amekaa dawati moja na Azzan, mwana pekee wa Miza, tangu darasa la kwanza mpaka la mwisho. Kila alipopita karibu aliingia kusalimia.

"Mama Azzan, hongera!" alisema kabla hata ya kuvuka mlango. "Mutoto amefika."

"Amefika wapi?"

"Kule ku barafu! Pôle Sud, kusini kabisa mwa dunia! Hamujaona photo?"

Akamwekea simu mbele ya macho. Kwenye picha alisimama mtu mwenye nguo nene za rangi ya chungwa, ndevu zimeganda nyeupe, na nyuma yake weupe mtupu usio na mwisho. Miza hakumtambua. Alidhani ni mzungu. Kisha akayaona macho: macho ya marehemu Moosa, mumewe, yaleyale, yamewekwa katika uso wa mtu aliyesimama mahali ambapo Mungu hakuotesha hata jani.

"Anasimama juu ya nini?" aliuliza.

"Juu ya bateau, Mama. Meli ya utafiti."

"Na chini ya bateau kuna nini?"

Térence akacheka kidogo, akidhani ni mzaha. "Kuna maji, Mama. Maji mengi, kilomita nne kwenda chini."

Mkono wa Miza uliendelea kukata wenyewe. Mkasi ulikwenda kombo, ukapasua kitambaa kutoka pembe hadi pembe. Mteja akapiga ukelele. Adélaïde akasimamisha cherehani akaingia mbio, akamkuta Miza ameketi sakafuni katikati ya vipande vya pazia, mkasi bado mkononi.

"Umemwambia nini?" Adélaïde alimuuliza Térence.

"Nimemwambia tu mutoto amefika," Térence alijibu, rangi imemtoka. "Bambe, munisamehe, mi nilizani anajua!"

Hakujua. Na ili mtu aelewe kwa nini picha moja ilimwangusha mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilia hadharani, lazima arudi nyuma miaka ishirini na moja.

Miza alizaliwa mjini hapo hapo. Babu yake alitoka Oman, akapitia Ujiji, akafungua duka la vitambaa, na tangu hapo familia haikujua kazi nyingine. Aliolewa na Moosa, mtu wa maneno machache aliyependa kufuata mali yake mwenyewe. Marobota ya vitambaa yakifika Kigoma, Moosa hakungoja kuletewa. Alikwenda, akapanda nayo chombo, akavuka nayo ziwa Tanganyika mpaka bandarini Bujumbura. Mwaka 2003, mwezi wa kumi na moja, chombo kilipigwa na dhoruba katikati ya ziwa, upande wa Rumonge. Watu saba waliokotwa wakiwa hai. Wanne waliokotwa wamekufa. Moosa hakuonekana, si siku ile, si wiki ile, wala baada yake. Wakamswalia swala ya ghaibu, maana hakukuwa na mwili. Azzan alikuwa na miaka kumi.

Miza akakaa eda miezi minne na siku kumi, kisha akatoka, akafungua duka, akapima vitambaa. Watu wakasema ni mwanamke imara. Jambo moja tu lilibadilika nyumbani: samaki hakuingia tena jikoni mwake. Si ndagala, si mukeke, hata supu yake. Katika mji ambao mukeke wa kuchoma ndiyo heshima ya mgeni, wageni wa Miza walikula kuku. Hakuna aliyeuliza sababu.

Azzan alipomaliza shule akapata nafasi ya kwenda kusoma Ubelgiji. Miza alikubali kwa sharti moja. Alimkalisha mkekani, akauleta msahafu, akamwambia aape. Kijana akaapa: hatapanda chombo chochote cha majini, ziwani wala baharini, maadamu mama yake yu hai. Hata alipokwenda ufukwe wa Kajaga kuagana na marafiki zake, wenzake waliingia mtumbwini kuzunguka kidogo, yeye akabaki mchangani na viatu miguuni.

Baada ya miaka, habari zikaja kwamba anasomea bahari. Miza aliogopa, lakini Azzan akamtuliza kwa simu.

"Ni bahari ya ndani ya kompyuta, Mama. Tunaipigia hesabu tu. Sitoki ofisini."

Tangu hapo Miza alijivunia. Wakimuuliza mwanao anafanya nini Ulaya, alijibu kwamba anasoma bahari isiyolowesha mtu. Alilisema hilo misibani, harusini, hata kwa daktari wa meno. Na leo, mbele ya mteja na mwalimu, ameonyeshwa mwanawe juu ya maji ya kilomita nne.

Duka lilifungwa saa nne asubuhi. Miza akapiga simu, haikupita. Akatuma ujumbe wa sauti wenye neno moja tu, "Azzan?", ukabaki na alama moja, haujamfikia. Siku ya pili vilevile. Hakuwa na hasira bado. Hasira ina nguvu, na yeye nguvu hakuwa nazo. Alikuwa kama mtu aliyepigwa mlango usoni, anashika paji la uso na hajui kama kuna damu.

Siku ya tatu alikwenda mtaa wa Buyenzi kwa Sheikh Anouar, aliyewafundisha Qur'ani yeye na Azzan pia, kila mmoja kwa wakati wake. Akamweleza yote. Sheikh alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo ambalo Miza hakulitegemea.

"Kile kiapo, alikitaka yeye ao ulikitaka wewe?"

Miza akamtazama. "Mi ndiye nilileta msahafu."

"Basi na wewe una sehemu yako ya kuomba msamaha," Sheikh alisema kwa upole. "Ulimufunga mutoto kwa woga wako. Yeye amevunja, na juu yake kuna kafara: alishe masikini kumi, ao awavike. Akikosa uwezo kabisa, ndiyo afunge siku tatu. Mulango uko wazi, Miza. Usijifanye kama umefungwa."

Alikwenda kumshitaki mwanawe, akarudi na hesabu yake mwenyewe.

Simu iliita siku hiyo hiyo, baada ya alasiri. Miza alikuwa nyumbani, Adélaïde amemletea chai. Sauti ilikuja na mikwaruzo, ikikatika, ikirudi.

"Mama? Asalaam alaykum. Mama, muko munanisikia?"

"Nakusikia. Uko wapi?"

"Térence ameniandikia. Mama, nimevunja kiapo. Najua. Nimeshafunga siku tatu za kafara."

"Umefunga vipi? Térence anasema huko jua halizami."

"Halizami. Linazunguka tu juu ya kichwa, usiku na mchana. Nilifuata saa za Bujumbura. Kwetu ikifika saa kumi na mbili na robo, magaribi, nafuturu. Wenzangu wananishangaa, jua linawaka na mi nasema limezama."

Miza akafunika mdomo kwa mtandio. Alimwona mwanawe akingoja magaribi ya Buyenzi mahali pasipo na magaribi, na hakujua acheke au apige yowe. Kilichomtoka kikawa hoja ya sheria ya dini.

"Lakini una mushahara, Azzan. Wenye uwezo hawafungi, wanalisha. Sheikh Anouar amesema leo. Funga yako haihesabiki."

"Ee Mama!" Alisikika ameshtuka kweli. "Siku tatu zote?"

"Zote. Tutalisha. Sasa niambie, nani alikulazimisha kupanda hiyo meli?"

"Hakuna mutu. Nilijipeleka." Akavuta pumzi. "Muniruhusu nieleze toka mwanzo?"

Akaeleza, na Miza akamwacha, maana tangu utotoni Azzan hakuwahi kusema maneno mengi namna ile kwa mara moja. Huko alipo, alisema, wakati wa baridi upepo unatoka nchi kavu na kuisukuma barafu mbali na pwani. Maji yanabaki wazi, yanaganda upya, upepo unasukuma tena. Barafu inapoganda haichukui chumvi, inaiacha. Maji yanayobaki yanakuwa na chumvi nyingi na baridi kali, yanakuwa mazito, yanaanguka. Yanateremka mpaka sakafu ya bahari, na huko yanaanza kutambaa kuelekea kwetu, chini ya bahari zote, kwa mamia ya miaka, mpaka yapande tena juu polepole.

"Maji ya chini ya bahari ya Hindi, Mama, mengi yametoka huku. Baridi ya huku ndiyo inaizungusha bahari yote. Mi kazi yangu ni kuiga hiyo ndani ya kompyuta. Tunaikata bahari vyumba vyumba, mamilioni. Kila chumba kina joto lake na chumvi yake, kinampa jirani yake. Sehemu ya barafu kutupa chumvi, mi ndiye niliiandika. Miaka sita."

"Vizuri. Na meli?"

"Modeli yangu, hiyo ya kompyuta, inasema maji mengi inaanguka hapa. Lakini kuna watu waliacha vyombo vya kupimia chini, na vipimo vya kwanza vilivyokuja vikasema ni kidogo. Nikasema vyombo vimeharibika. Niliandika, Mama, na jina langu chini, watu wote wakasoma. Halafu wakasema, meli inakwenda kuvitoa, nani anakuja kuangalia? Ningekaa ofisini? Nimeita chombo cha mwenzangu muongo, halafu nisiende hata kukiona?"

Moosa naye hakuwahi kuamini robota alilohesabiwa na mtu mwingine.

"Na umekiona?"

"Wamekitoa juzi." Sauti ikashuka. "Kizima, Mama. Vyote vizima. Nimevipima mara nne. Maji ya chini imepungua kweli, na imepata joto. Mi ndiye nimekosea. Kuna maji tamu, isiyo na chumvi, inayotoka ku milima ya barafu ya nchi kavu, inayeyuka, inaingia baharini, inafanya maji ya juu kuwa nyepesi, inakataa kuanguka. Mi niliiweka kidogo sana. Nilizani itakuja baadaye, wakati wa watoto wa watoto wetu. Imeshakuja. Mi niko nimesimama juu yake."

Kisha Miza alisikia kitu alichokisikia mara moja tu maishani: pumzi ya Azzan ikikatika, kama siku alipoambiwa kwamba wametafuta na hawajampata baba. Hakulia siku ile. Na leo hakulia.

"Juu ya nini ulichagua hii kazi?" Miza aliuliza. Hakujua kwa nini aliuliza. "Kazi zote za dunia. Ungekuwa daktari. Ungeuza vitambaa."

"Mama si munajua?"

"Apana. Sijui."

"Mulisema maji ilimubeba Baba," Azzan alisema. "Kila mutu alikuja kwenye matanga alisema hivyo, maji imemubeba. Nilitaka kujua inabeba mpaka wapi. Hakuna aliyenijibu. Nikafikiri nitasoma."

Bilauri ya chai ilimponyoka Miza, ikamwagika mkekani. Adélaïde akanyanyuka kutafuta kitambaa, akaona uso wa rafiki yake, akakaa tena.

Miaka ishirini na moja Miza alifikiri alimtoa mwanawe majini. Alimwapisha, akamsafirisha, akamweka nyuma ya kioo cha kompyuta mbali na ziwa. Kumbe kijana hakuwahi kutoka. Alikuwa humo muda wote, tangu akiwa na miaka kumi, anamtafuta baba yake chini ya maji kwa hesabu.

"Na ulipata?" aliuliza, sauti ndogo.

"Ya bahari, ndiyo, inatembea. Ya ziwa letu apana. Kwetu hakuna barafu ya kufanya maji kuwa nzito. Juu kunatikisika na upepo, lakini chini kabisa, kule Rumonge, mita elfu moja na zaidi, maji imetulia, mamia ya miaka. Haina hewa, haina samaki. Haikumubeba, Mama. Baba yuko palepale."

Miza akaushika mkeka kwa mkono usioshika simu, kana kwamba nyumba imeinama. Alikuwa amezoea kumfikiria Moosa akienda: ametoka na maji ya ziwa, ameingia mito ya Kongo, amefika baharini, yuko njiani daima kama alivyopenda. Sasa Moosa alisimama. Mwendo wote wa miaka ishirini na moja ulifutika kwa sentensi moja, akawa mahali, mahali penye jina, saa mbili za gari kutoka hapo mkekani.

Kisha akauliza lile ambalo hakumwambia mtu yeyote, si mama yake alipokuwa hai, si Adélaïde. Mvua zikianza kila mwaka, alikuwa akiwaza baridi ya huko chini.

"Kuna baridi? Kule alipo?"

"Apana," Azzan alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikalegea. "Hapa ndiyo baridi ya kuua. Ziwa letu chini kabisa ni digirii ishirini na tatu. Hata ukishuka mpaka mwisho, ishirini na tatu. Ni kama Bujumbura asubuhi, Mama, kabla jua halijapanda."

Simu ikakatika. Miza alibaki ameishika sikioni muda mrefu. Adélaïde alipomuuliza amesema nini, alijibu, "Anasema hakuna baridi," na akarudia, "Adélaïde, hakuna baridi," macho yamemtoka kama mtu aliyeambiwa mauti yamefutwa duniani. Ndipo akalia, kwa sauti, mpaka majirani wakaja mlangoni kuuliza nani amefariki. Adélaïde akawaambia ni mtu wa zamani.

Kafara waliitoa Ijumaa iliyofuata. Adélaïde alikuwa na dada yake mmoja huko Gatumba, nje ya mji, katika mahema ya watu waliohamishwa na mafuriko, na ndiye aliyewapata masikini kumi, wanawake sita na wazee wanne. Miza alipika pilau mwenyewe, akapanda nalo gari mpaka kule. Hakuwa amefika Gatumba tangu maji yaingie. Aliona nyumba zimesimama na mstari wa tope ukutani juu ya kichwa chake, mlango wa shule umezibwa na magugu ya mtoni, mtu akipita na baiskeli mahali palipokuwa sebule. Alishika sufuria akasahau kuitua.

"Ni ziwa hili lilipanda mpaka hapa?" aliuliza.

"Ziwa na muto Rusizi, pamoja," mzee mmoja alimjibu, jina lake Libère. "Tulilala kavu, tukaamka ndani."

Miza akamsogezea sahani, akamwomba amsimulie yote, na mzee akasimulia mpaka pilau likapoa.

Azzan alikuja nyumbani Idi ya mwaka huo. Alikuwa amekonda, ngozi ya pua imebabuka kwa baridi. Alimbusu mama yake mkono, na yeye Miza, kabla ya lolote, akamwomba msamaha kwa ule msahafu. Azzan hakujua atazame wapi.

"Mama, apana, si nyinyi wa kuniomba."

"Nyamaza. Sheikh amesema."

Jioni Térence alikuja, na wale wawili wakakaa barazani na karatasi, wakichora vyumba vya bahari. Modeli ya Azzan imebomolewa, anaanza sehemu yake upya, miaka miwili angalau. Mwalimu wake wa chuo kikuu kule Ubelgiji alimwambia kukosea hadharani na kwenda kukiri hadharani ni kazi wengi hawaifanyi, lakini maneno hayo hayakumsaidia kulala vizuri. Kila akiangalia namba zile, alisema, anashtuka upya.

Térence akapendekeza: kwa nini wasifanye modeli ya ziwa pia? Vyumba vidogo, wanafunzi wake wangesaidia. Azzan akageuka kumtazama mama yake, aliyekuwa anamenya machungwa.

"Mukitaka, Mama, naweza kuwaonyesha pale alipo Baba. Chumba chenyewe. Juu ya kioo."

Miza aliacha kisu.

"Fanyeni, iwasaidie watu wa Gatumba," alisema. "Mi musinionyeshe. Nimeshajua."

Akawagawia machungwa. Kisha akamuuliza Azzan meli inaondoka tena lini, na Azzan, kwa kusitasita, akasema mwezi wa sita. Miza akachukua chungwa jingine, akalimenya polepole.

"Basi uniambie mbele ya kuondoka," alisema. "Nisisikie tena kwa mwalimu."

Térence akainama kutazama karatasi yake.